Neno Alilolisoma Loisi

Ndalambo, 4 Machi 1949

Kaka yangu mpendwa Efraimu,

Nakusalimu katika Bwana. Hamjambo huko Mbozi? Wifi Ruti amepona homa? Sisi tu wazima, ila mama magoti yanamsumbua.

Kaka, nimeanza kufundisha kusoma. Hakuna aliyenituma, wala silipwi. Ni watoto saba waliorudishwa nyumbani na shule kwa kuwa hawashiki herufi. Wengi wao hawana hata nguo ya kubadilisha. Mzee wa kanisa, Hezron, ametupa baraza la kanisa kila Jumapili baada ya ibada. Binti yake Loisi, wa miaka kumi na minne, yumo. Kwake b na d ni kitu kimoja. Baba yake husema mbele yake, "Huyu ni kazi bure." Lakini hajakosa hata siku moja.

Nitafutie vitabu vya kuanzia, hata vilivyochanika.

Mdogo wako, Nesta

Mbozi, 30 Machi 1949

Mdogo wangu Nesta,

Salamu nyingi. Ruti amepona, sasa tunapalilia kahawa. Mpe mama pole.

Vitabu vitano nimempa Yonasi, anakuja huko kutafuta ng'ombe. Huyo Loisi usimharakishe. Mwache ahangaike na neno mpaka alitoe mwenyewe.

Kaka yako, Efraimu

Ndalambo, 17 Septemba 1949

Kaka Efraimu,

Natumaini hamjambo. Mama anaendelea vizuri. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Loisi alianza kusoma mwezi wa saba. Polepole, kidole kwenye mstari, lakini alisoma. Nyumbani kwao hakumwambia mtu. Alitaka kumshangaza baba yake Krismasi.

Jumatatu iliyopita alinikuta kisimani. Baba yake alikuwa amemtuma apeleke barua kwa Mbonile, yule mzee aliyefiwa na mkewe, wa ng'ambo ya mto Momba mwenye watoto wakubwa kuliko Loisi. Bahasha haikufungwa. Nani angeogopa kwamba Loisi atasoma?

Akanionyesha mstari mmoja. "Mwalimu, hapa pameandikwa 'huyu ndiye binti tuliyekubaliana, asirudi.' Nimesoma sawa?"

Alikuwa amesoma sawa, kaka. Kila herufi. Hezron alikuwa amemwoza kwa Mbonile.

Nilimfikiria Hezron, nikaona nikisema kweli baraza litafungwa na wale sita wengine watatawanyika. Nikamwambia, "Umeruka neno. Inasema asikawie kurudi."

Akacheka, akajipiga kichwani. "Kumbe bado mjinga." Akaenda. Hajarudi.

Nesta

Mbozi, 9 Oktoba 1949

Nesta,

Sisi wazima. Barua yako sikumsomea Ruti.

Sina la kukufariji. Mtoto alikuamini wewe kuliko macho yake. Nenda kwa Mbonile, mwambie Loisi kwamba alisoma sawa. Mpaka uwe umekwenda, usiniandikie.

Efraimu

Ndalambo, 11 Juni 1950

Kaka yangu,

Shikamoo. Nawaombea afya wewe na wifi. Mama alitutoka mwezi wa pili. Najua Yonasi alikuletea habari. Nilitaka kukuandikia siku ile, lakini nilikuwa bado sijaenda.

Nimekwenda wiki iliyopita. Loisi alikuwa anavuna ulezi peke yake. Amekonda. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mfu mwezi wa tano, na mwenyewe bado hatembei vizuri. Nilipiga magoti palepale shambani, nikamwambia.

Aliendelea kukata masuke. Kisha akasema, "Nilijua siku ya pili, mwalimu. Mbonile aliisoma ile barua mbele ya watu."

Nikamwomba anisamehe.

"Nimekusamehe. Ila njia nzima nilikuwa nalitafuta hilo neno nililoliruka. Nilisimama mara tatu kulitafuta. Ningeweza kukimbia."

Nilikuwa nimembebea kitabu. Hakukipokea. Alisema siku hizi akiona maandishi, hajui kama yanasema anachokiona.

Niliporudi nilimweleza Hezron yote, mbele ya wazee. Amefunga baraza. Wengi wamekatazwa kunisogelea. Jumapili walikuja wawili tu, Enesi na Marita, tukakaa uani kwetu.

Enesi alisoma mstari mzima bila kusita. Alipomaliza akainua uso, akaningoja nimwambie kama ni sawa. Sikuthubutu kumwambia lolote, kaka, mpaka yule mtoto akaanza kulia.

Mdogo wako, Nesta