Kunguru Chini ya Mpini

Mdogo wangu Bohunka,

Hujambo huko Ostrava? Na Radim wako, mgongo umemwachia? Sisi hapa wazima, mabata bukini wamenona, na baba anakula kunishinda. Goti langu tu ndilo linanisumbua mvua ikija, lakini mdomo hauumi, kwa hiyo chemsha kahawa ukae, nina habari.

Unaikumbuka ile bastola ya baba, ile ya majaribio aliyoiunda kiwandani? Jeshi liliikataa, na zote zikatupwa kwenye tanuru la kiwanda isipokuwa moja. Basi hiyo moja imeonekana. Iko makumbusho yetu hapa mjini, imelazwa kwenye kitambaa chekundu kama maiti ya askofu. Ila kadi yake haikuwa na jina la fundi. Na baba unamjua, kitu alichokuwa anakitaka kabla hajafa ni jina lake kwenye hiyo kadi.

Tatizo Růžena, jirani yetu. Yeye anasema aliyeitengeneza ni marehemu mumewe, Vavřinec. Miaka yote wanarushiana maneno juu ya uzio. Asubuhi hata kahawa hawajanywa, utamsikia baba akimwita, "Kunguru, kuku wako wamo kwenye kabichi zangu." Naye anamjibu awapige risasi basi, si yeye fundi wa bastola? Mimi nilikuwa nafungua dirisha makusudi nisikie.

Sasa bwana wa makumbusho, Hynek, akawaita wote wawili. Akasema silaha za majaribio hazikuwa zikigongwa jina, lakini mafundi wa karakana ile walikuwa na mchezo wao: kila mmoja alikwaruza alama yake chini ya vibao vya mpini, mahali ambapo bosi hafungui. Akamuuliza baba alama yake ilikuwa nini. Baba akageukia dirishani. Akaulizwa tena, akawa mwekundu kama bitiruti, akasema waiache bastola ya watu, asiyeamini asiamini. Růžena akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza, akasema mnaona, mwongo kasahau hata uongo wake. Niliumia, Bohunka. Hata mimi nilianza kumtilia shaka.

Hynek akachukua bisibisi, akafungua kibao. Ndani, kunguru mdogo kakwaruzwa kwa sindano, kafunga utepe kichwani.

Růžena akavaa miwani, akatazama, akaivua, akaifuta, akavaa tena. Kisha akasema taratibu kwamba Vavřinec hakuwahi kumwita Kunguru hata siku moja. Aliyemwita hivyo ni mtu mmoja tu, tangu yeye msichana, anafunga utepe na kupiga kelele kwenye dansi za kiwanda. Na Vavřinec alimposa akijigamba kwa bastola hiyohiyo. "Kumbe niliolewa na mdomo," akasema, akakaa, akacheka peke yake mpaka akapenga kamasi.

Njiani nikambana baba, kwa nini alinyamaza? Akasema alikwaruza akiwa bado ana matumaini, halafu jeshi likamkataa na Růžena akamkataa, mwezi mmoja. Kisha akaja mama, na maneno kama hayo hayasemwi mbele ya mama, hata akiwa kaburini.

Jina lake sasa liko kwenye kadi. Kila Jumapili anavaa tai anakwenda kusimama pembeni yake, na Růžena yupo hapohapo anamrekebisha akisimulia. Uzio wameshautoboa, mikate mitamu ya kolache yenye mbegu za popi inapita motomoto.

Na sasa kilichonifanya nishike kalamu: baba anataka kumuoa, plamu zikishavunwa. Anakuogopa wewe, ndiyo maana kanituma mimi. Anauliza kama mama angekasirika. Nimemwambia mama angeuliza tu kama kabadilisha shati, lakini hatulii mpaka asikie kutoka kwako. Jibu upesi, bata bukini mmoja ananenepeshwa, na mwenyewe hajui ni kwa ajili ya nini.

Wabusu watoto. Kunguru naye anakusalimu, kasimama nyuma yangu anachungulia, anasema mwandiko wangu mbaya.

Dada yako,
Zdena