Buti za Namba Arobaini na Tatu

Ijumaa, 5 Januari

Gunia la kampuni ya misafara ya milimani limefika. Baba Shabbir kalishusha begani, kalimwaga mbele ya jiko, nasi tukalizunguka kama kuku walioona mtama. Koti la manyoya ya bata, jekundu, limevimba utadhani lina mtu ndani. Suruali mbili. Nguo za ndani za sufu – laini! Mama mkwe akajipangusa nazo shavuni. Glavu nene kama mito. Begi la kulalia. Na buti, ee Mungu wangu! Buti ndani ya buti, na ile ya nje inakaribia goti.

Yote haya kwa sababu Wazungu watano wa Poland wanataka kutembea juu ya barafu mpaka chini ya mlima mkubwa, Januari hii hii, na Baba Shabbir ni mpagazi wao. Wenye akili huenda Julai. Nilisema hivyo. Baba Shabbir akanijibu kwamba akili ni nywele, na yeye ana upara.

Bibi – mama mkwe, sote humu tunamwita Bibi – kasema ni dhambi kuvivaa vitu vizuri hivi milimani. Viwekwe. Ndivyo ilivyo nyumba hii, na bonde zima la Shigar. Vikombe vya harusi yangu bado vimo sandukuni, havijaonja chai. Blanketi la Kichina halijatoka kwenye nailoni yake. Kila kizuri kinamngoja mgeni ambaye hatakuja.

Shule zimefungwa mpaka Machi. Sina madaftari ya kusahihisha, basi nasahihisha watu wa nyumbani.

Jumapili, 7 Januari

Leo nimemvalisha kila kitu, kimoja kimoja, ndani ya chumba chenye moto. Jasho likamtoka. "Mama Shabbir, utaniua kabla ya mlima!" Nikamwambia anyamaze, ainue mkono.

Kazi ni kuchagua. Kila mpagazi anapimiwa mzigo wake binafsi, ukizidi anapunguza mwenyewe. Soksi pea nne au tano? Sweta nililofuma mimi au lile la dukani? (Langu. Aliona uso wangu.) Kofia za kufunika uso, mbili, maana moja ikishalowa pumzi inaganda kama ubao.

Kisha buti. Akasimama, akatembea mpaka mlangoni. Nikasikia kisigino kinagonga ndani. Ko, ko, ko.

"Namba ngapi hizo?"

"Arobaini na tatu."

"Wewe ni arobaini na moja tangu uliponioa."

"Za baridi huchukuliwa kubwa. Soksi tatu, damu inapita. Hata daktari anasema."

Daktari yupi, sijui. Lakini hilo la damu ni kweli. Vidole viwili vya mguu wake wa kulia vilikatwa mwaka ule wa theluji nyingi, kwa sababu damu haikupita. Basi nikampa soksi ya tatu.

Shabbir alijilaza ubavu karibu na jiko, macho kwenye zile buti. Mwanangu huyu, miaka ishirini, mdomo haujafungwa tangu aanze kusema. Leo kimya! Nikadhani anawaza mtihani. Akifaulu anaingia chuo cha ualimu. Hilo ndilo ninaloliombea katika kila sala. Mimi nimeshaolewa na mlima mara moja, inatosha. Sitaki na mwanangu aolewe nao.

Jumanne, 9 Januari

Anaondoka kesho. Tumefungasha. Nimeona kwa macho yangu: koti chini, buti juu ya koti, glavu ndani ya buti.

Ugomvi mmoja tu. Anataka kuvaa zile za zamani njiani, alizoachiwa na Mtaliano fulani. Soli imeshonewa kipande cha tairi, na mshono wa kulia unapitisha maji. "Ukipita Askole, mwisho wa njia ya jeep, ni mawe matupu," anasema. "Nizichane mpya kabla ya kufika kwenye barafu?" Atazivaa huko juu. Nikamwambia aape. Akasema inshallah.

Mwalimu mzima mimi, na inshallah hiyo nikaipa alama zote.

Jumatano, 10 Januari

Amekwenda. Wanaume wote wenye nguvu wamekwenda, jeep mbili zimejaa. Kimebaki kijiji cha wanawake, wazee na wenye mafua.

Alipita chini ya Msahafu mara tatu, Bibi ameushika juu. Hakunitazama sana. Nikasema ni huzuni.

Ijumaa, 12 Januari

Theluji tangu jana. Siwezi kukaa! Nimefuma soksi mpaka kisigino, nikaifumua. Nimehesabu kuni, kama vile zinaweza kuongezeka. Nimetoka mara kumi kutazama njia ambayo haionekani. Bibi kaniambia niketi, ninamletea upepo.

Nikaketi. Nikainuka.

Jumamosi, 13 Januari

Ng'ombe hana kosa lolote, ila nimemfokea yeye.

Nilipanda darini kuchukua majani makavu. Ni kazi ya Shabbir, lakini alikuwa kwa jirani akitazama kriketi. Nikachota, mkono ukagusa kitambaa. Shuka langu la maua – lile nililolitafuta siku nzima ya Alhamisi! Nikalivuta. Zito. Nikafungua. Koti jekundu. Glavu. Nguo za sufu. Buti.

Nikakaa palepale juu ya majani.

Yaani yuko kule na tairi la Mtaliano. Usiku ule, nilipolala, alitoa kila kitu akatia blanketi kuukuu ili mzigo usipungue. Sikubuni, nimeambiwa na Shabbir. Alijua! Nilimwita, akaja mbio, akaliona shuka, akainamisha kichwa.

"Za nani hizi?"

"Za baba."

"Shabbir."

"Zangu, mama."

Ilivyo ni hivi. Juni kampuni inachukua vijana wa kupandisha mizigo mpaka kambi za juu kabisa. Sharti kijana aje na buti na koti lake. Baba yake alipofika stoo aliomba namba ya mwanawe, mbele ya watu, bila kupepesa. Kamwambia mtoto hii ndiyo safari yake ya mwisho, magoti yamechoka, na shamba lenyewe ni la ukubwa wa mkeka. Atamrithisha nini kingine?

"Na chuo?" nikamuuliza.

"Chuo ni chako, mama. Mimi sijawahi kusema nakitaka."

Nimetafuta kichwani mwangu kutwa nzima siku aliyosema anakitaka. Sijaipata. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema, naye akila.

Kikulacho ki nguoni mwako! Wiki nzima nimewapikia hawa wawili. Nina hasira mpaka meno yananiuma. Na chini ya hasira kuna hofu, nayo ni ya mguu wa kulia.

Jumapili, 14 Januari

Rozi Ali, dereva wa jeep, kateremka kwa miguu. Theluji imeporomoka ikafunga njia juu ya daraja, jeep yake imekwama huko. Simu za Askole zimekatika. Msafara bado uko hapo Askole, unangoja anga ifunguke. Ikifunguka wataipa barafu siku mbili ikaze, kisha wanaingia.

Na Baba Shabbir? Akapuliza chai kwanza. Akaongeza siagi. Nilitaka kumpokonya kikombe.

"Mzima, dada. Anakaa karibu na moto. Buti zake zinaning'inia juu ya jiko zikauke."

"Zimelowa?"

"Kidogo. Anachechemea, lakini utani uko palepale."

Anachechemea! Kiongozi wa msafara kamuuliza mbona havai zile mpya. Akajibu anazitunza za juu. Kiongozi kasema mguu ukizidi hatamchukua, atatafuta mtu mwingine, maana mzigo lazima uende. Na mtu huyo, asiye na buti wala koti la kampuni, akitoka huko kwenye barafu na vidole vyake vyote, ni bahati yake.

Nikamwomba Rozi Ali azipeleke. Akapandisha suruali akanionyesha goti: limevimba kama boga. Nani mwingine? Wanaume wazima ndio haohao waliokwenda. Nikasema nitakwenda mimi. Rozi Ali alicheka mpaka chai ikampalia, kisha akaona sicheki.

"Dada, kule kwenye ile miteremko hata mimi nilitambaa."

Shabbir alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuna aliyemtaja.

Jumatatu, 15 Januari

Nimekataa. Shabbir anataka kuzipeleka: nimekataa asubuhi, nimekataa mchana. Siku mbili peke yake chini ya miteremko ile! Na hata akifika salama, ataona mahema, atasikia kengele za nyumbu wa mizigo, watamwita jina la baba yake, watamkaribisha. Hatarudi kwangu kusoma ualimu. Namjua, maana namjua baba yake.

Kwani Baba Shabbir ni mtoto? Alijua alichofanya. Akae na tairi lake!

Niliyasema haya kwa sauti kubwa, Bibi akasikia. Alingoja mpaka baada ya sala ya adhuhuri, akaja akaketi karibu nami kwenye moto.

"Wewe unamficha mwanao," akasema. "Haya. Mwanangu mimi yuko kule analowa. Nimfiche wapi?"

Hakupandisha sauti. Miaka ishirini na mbili tunaishi pamoja, tumegombania chumvi, tumegombania kuku. Leo nilichochea moto tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye – nimewaandikia watoto ubaoni, wakaiimba kama shairi, na mimi nikiwapigia makofi. Kumbe sikuwa nimeielewa. Wala sasa sijui inamsema mama yupi kati yetu.

Nimekanda unga wa mkate wa njia. Kwa nguvu mno. Bibi kaniambia unga haujanikosea kitu. Hakuniuliza mkate ni wa nani.

Jumanne, 16 Januari

Anga nyeupe alfajiri, kisha buluu mpaka inaumiza macho. Imefunguka.

Shabbir alikuwa tayari kabla sijamwita. Kavaa buti za mpira, zile za zizini, na zile nyingine kazifunga mgongoni kwa kamba pamoja na koti.

"Nitazibeba tu, mama. Sitazivaa."

Alifikiri ananifurahisha. Niliitazama miguu yake. Mpira mtupu, katika baridi hii, siku mbili! Na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ahsante.

"Vua."

"Mama?"

"Vua, nimesema! Keti."

Nikapiga magoti. Soksi za pamba, tupa kule. Za sufu, pea moja, inatosha, mguu umejaa. Buti ya ndani. Ya nje. Nikamwambia akanyage. Kisigino hakikucheza hata kidogo. Zimemkaa kana kwamba alipimiwa, na kweli alipimiwa. Kisha nguo za sufu. Sweta – la dukani, ni jepesi zaidi, langu ni zito likilowa. Nimelisema mwenyewe! Koti. Kofia mbili. Glavu kwa uzi shingoni zisipotee, kama nilivyokuwa nikimfungia akiwa wa chekechea. Nilichagua mbio mbio kama mtu anayetoa vitu nyumba ikiungua. Bibi anamjaza mifuko aprikoti, na kulia hapo hapo.

Yeye alikuwa akitabasamu. Alijizuia, akashindwa. Jekundu lile limempendeza! Nilimpenda mpaka nikataka kumzaba kofi.

Nje Rozi Ali anampigia kelele za maelekezo: apite miteremko kabla jua halijaigusa, asikohoe, asiimbe, daraja alivuke kwa makalio, aibu haiui. Hakuna muda. Nikafunga kamba za kulia, fundo mara mbili. Za kushoto, fundo mara mbili. Mikono yangu ilifanya vizuri, sijui imejifunza wapi.

Nikiwa bado chini, nikamuuliza polepole, Bibi asisikie. Buti ni pea moja. Ukishamfikia baba yako, nani atazivaa kwenye barafu?

Rozi Ali akaita tena. Shabbir akainama, akakaza upya kamba ambayo nilikuwa nimeshaikaza, kama mtu anayekwenda mbali kupita Askole.