Oddrun Sletthaug na Njia ya Kinamasini

Theluji ya kwanza imeanguka tena bondeni kwetu Storlia, Mama, na kwa hesabu yetu mwaka mmoja umetimia. Ulituacha Novemba iliyopita, ardhi ikiwa imeshaganda na mbingu bado hazijatoa kitu. Ulikuwa umeketi dirishani ukiitazama anga kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa. Daktari alisema ni moyo. Sisi tukasema ungengoja wiki moja tu, uione theluji.

Kaka Eivind alitaka tangazo hili la kumbukumbu litoke na picha yako ukiwa na medali shingoni. Baba akakataa. Alisema medali hazikukupendeza, zilikuwa zinakufanya usimame kama askari anayekaguliwa. Kwa hiyo tumeweka ile ya zizini, una ndoo mkononi na ile kofia nyekundu uliyoifuma mwenyewe, vibaya. Usitukasirikie.

Watu wa nje ya bonde wanamkumbuka Oddrun Sletthaug, bingwa wa taifa mara tatu katika mbio ndefu za ski, zile mbao za kutelezea thelujini, mwenye medali ya shaba ya dunia. Sisi tunamkumbuka mtu aliyeitundika shaba hiyo kwenye msumari mmoja na ufunguo wa zizi, na aliyeweka vibanio vya nguo ndani ya kikombe cha fedha. Mpiga picha wa gazeti alipokuja kukiomba kikombe, ulimwaga vibanio mezani, ukampa, na alipomaliza ukavirudisha humo hata kabla hajavaa viatu vyake.

Ulisema siku zote kwamba ulijifunza ski kwa sababu shule ilikuwa upande wa pili wa kilima. Habari za kipaji hukutaka kuzisikia. Mazoezi uliyafanya kati ya kukamua asubuhi na kukamua jioni. Kocha wako, Asbjørn, alipokupangia siku za kupumzika ulimwambia aje awasomee ng'ombe ratiba hiyo, wakikubali utapumzika. Siku moja akaja kweli, amepania. Alikukuta katikati ya kazi, akaishia kukushikia ndoo.

Mfukoni mwako hapakukosa chungwa. Kila safari yetu ya Jumapili ilisimama kwenye jiwe lilelile linalopata jua, ukatugawia vipande na kutukatia jibini la kahawia kwa kisu kilekile ulichokuwa ukikwangulia nta ya ski. Mpaka leo nikila jibini lisilonuka nta naona kama limepungukiwa.

Na habari ya jiko lazima tuitaje. Baba mwenyewe amesema isipotajwa watu watadhani tunamsitiri.

Ilikuwa mwaka mlipokuwa wachumba. Mashindano ya taifa yalifanyika hapahapa bondeni, na atakayeshinda alikuwa na uhakika wa kwenda mashindano ya dunia. Bonde zima lilishaamua ni nani. Baba alikuja kwa treni kutoka Bergen, kwao pwani, ambako theluji hugeuka mvua kabla haijagusa paa. Asubuhi ya mbio ulizipaka ski zako nta, ukaziegemeza nje ukutani kama anavyofanya kila mtu mwenye akili timamu, ukaenda kupasha mwili moto kwa ski nyingine. Baba akapita hapo. Akaziona zimeachwa kwenye baridi ile, akazionea huruma.

Ulirudi mbio zikiwa karibu kuanza, naye akakukabidhi.

"Zina joto," ulisema.

"Nimekuwekea karibu na jiko," Baba alijibu, amejaa fahari. "Nje kuna baridi mno, nikasema na zenyewe zipate moto kidogo."

Asbjørn alijishika kichwa kwa mikono miwili. Ski zenye joto huyeyusha theluji inayozigusa, kisha maji yale yanaganda chini yake, na mtu anajikuta anakokota mabonge. Muda wa kuzipoza haukuwapo tena. Ulizivaa hivyohivyo, ukaondoka kama aliyevaa viatu vyenye visigino vya barafu. Kila kilima ulisimama ukakwangua, ukaendelea, ukasimama tena ukakwangua. Walikupita hata wasichana uliokuwa ukiwafundisha. Aliyekwenda mashindano ya dunia akawa mwingine.

Jioni ile, kwenye ukumbi wa chama cha ski, Asbjørn alikwambia mbele ya watu wote umwache huyo mtu wa pwani arudi kwao kwenye mvua. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, koti mkononi, yuko tayari kabisa kwenda. Wewe ulikuwa umeinama unafungua kamba za viatu, wala hukuinua uso.

"Asbjørn," ulisema, "mtu aliyezihurumia mbao zisipate baridi, mimi ataniacha nipate baridi?"

Watu walicheka mpaka wakalia, na kiangazi kile mkaoana. Majira ya baridi yaliyofuata ukashinda, na mara mbili zaidi baada ya hapo. Lakini jina la Jiko lilishamshika Baba na halikumwachia tena. Tarishi humwita Jiko. Mchungaji, siku ya ubatizo wangu, nusura aliandike kwenye cheti.

Jina alilichukua kwa roho safi. Ila aliapa hatagusa ski tena, za kwake wala za mtu, na hapa bondeni, ambako mtoto husimama kwenye ski kabla hajajua kusema vizuri, huyo alikuwa kituko. Akawa mtu wa kukusubiri mwisho wa njia na chupa ya juisi moto ya beri. Wewe hukumlazimisha hata mara moja. Ulikuwa ukisema kwa nyumba moja kichaa mmoja anatosha.

Kuna kazi moja uliyoipenda kuliko mbio zote. Kila theluji mpya ikianguka ulitoka mapema, ukavuka kinamasi kilichoganda mpaka kwa jirani yetu, Bibi Gudveig, ukarudi kwa mstari uleule, na hapo njia ikawa imefunguka kwa mwingine kupita. Barabara ya gari kwenda kwake inazunguka mlima mzima, na yeye gari haendeshi. Kwa njia yako alikuja kwetu kila Jumamosi kunywa kahawa, kwa ski zake mwenyewe, hata baada ya kutimiza miaka themanini. Akifika mlangoni alitoa kofia na kukwambia kile ambacho kwetu kila anayefuata humwambia aliyetangulia: "Asante kwa njia." Nawe ulijibu kwamba kahawa iko tayari.

Majira ya baridi yaliyopita kinamasi kilikaa cheupe, hakina hata mchirizi. Mashine ya chama ya kufungulia njia haifiki huko. Mimi na Eivind tunaishi mjini. Tulikuja mwisho wa wiki tukaifungua njia, theluji ikaanguka siku ya pili, njia ikafukiwa. Bibi Gudveig alishinda peke yake na redio. Kufika masika, theluji ikiyeyuka, wanawe wakampa uamuzi: njia isipokuwapo msimu ujao, atahamia makao ya wazee huko chini. Aliwajibu kwamba yeye si sanduku la nguo. Lakini aliyasema hayo macho yake yakiwa kinamasini, na sote tulijua kwamba safari hii wanawe wana hoja.

Tulilizungumza jambo hilo kiangazi kizima, Mama, unavyotujua. Aombwe fulani, kiandikiwe chama, itafutwe mashine ndogo.  Oktoba Baba alinipigia simu kuniuliza viatu vyako vya ski viko wapi. Nilidhani anataka kuvigawa, nikamjibu kwa mkato, kisha nikakaa kitandani nikalia. Ulikuwa na miguu mikubwa mpaka wanaume walikuwa wakiazima viatu vyako, nasi tulikutania sana. Sikuwaza kabisa kwamba vingemtosha Baba.

Ijumaa iliyopita niliwasili nyumbani theluji ikianguka kwa wingi. Chini ya taa ya mlangoni niliziona ski zako nyekundu zimeegemezwa ukutani, nje. Nikajua amezisahau. Mzee anaanza kusahau, nikasema moyoni, nikazishika nimpelekee ndani.

Baba akafungua dirisha la jikoni.

"Siv, ziache hapo," alisema. "Zinapoa."

Nilizirudisha ukutani. Sikuweza kuingia ndani mara moja, ikabidi nijifanye natafuta kitu kwenye gari.

Asubuhi alivaa viatu vyako na kofia yako nyekundu, akashuka kinamasini. Hatutasema alikuwa hodari, kwa maana ungejua tunakudanganya. Alianguka pale uani, akaanguka penye mto ulioganda, akakizunguka kwa mbali kichaka ambacho wewe ungekipita kwa pembeni bila kukitazama. Mbwa alimfuata mpaka akachoka kumngoja. Kabla ya kufika ng'ambo alisimama kwa muda mrefu ameegemea fimbo, nami nilikuwa dirishani, mkono mdomoni, nikimwomba asigeuke. Hakugeuka.

Bibi Gudveig alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa, ameutazama mchezo wote tangu mwanzo.  Aliingia ndani, akatoka na ski zake, akamfuata nyuma njia nzima ya kurudi mpaka kwetu.

Alipofika mlangoni aligeuka kuitazama njia.

"Oddrun alikuwa akipiga mstari," alisema. "Wewe, Jiko, umechora utumbo."

Baba alicheka, theluji imemjaa mpaka masikioni. Kisha bibi akatoa kofia, polepole, kama alivyokuwa akikutolea wewe.

"Asante kwa njia," akamwambia.

Baba aliinama akaanza kufungua kamba za viatu. Nikajibu mimi kwamba kahawa iko tayari. Bibi Gudveig aliwapigia simu wanawe palepale mezani, akawaambia mwaka huu haendi popote, njia ipo, mbovu lakini ipo. Usiku theluji ikaanguka tena. Jumapili Baba akatoka tena, mgongo unamuuma, akakizunguka kichaka kilekile.

Tunakukosa, Mama. Tunakukosa mezani, zizini, na pale kwenye jiwe la jua, ambako bado tunamenya chungwa na kubakiza kipande cha ziada. Tulidhani ulichotuachia ni vikombe na medali. Ukweli ni kwamba ulituachia kazi, na mtu tuliyedhani hawezi kabisa ndiye aliyeichukua.

Unakumbukwa na mumeo Lauritz, yaani Jiko, wanao Siv na Eivind, mkweo Marte, wajukuu zako Iver na Ylva, dada yako Borghild, na jirani yako Gudveig, aliyetuonya kwamba asipoandikwa humu hatatuletea keki tena.

Kila theluji mpya ikianguka utakuwa mioyoni mwetu, na jioni yake ski zako zitalala nje.

Asante kwa njia, Mama.