Karavani la Bi. Eustadia na Karatasi Isiyokuwa Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Tabora
Jumatatu, 23 Juni 2025, saa 4:10 asubuhi

Jina: Lukumani Issa Mustafa
Umri: Miaka 57
Kabila: Mnyamwezi
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi wa bodi na chasisi za magari na matrela
Makazi: Cheyo, Tabora
Mwandishi wa maelezo: Koplo Josepha

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo hapa ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Naomba na wenzangu wanaohusika waelezwe hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo.

Mnamo Jumapili tarehe 8 Juni 2025, saa 10 jioni, alifika karakanani kwangu Bi. Eustadia Ambrosi, mjane, ambaye anapika na kuuza chakula Urambo. Tunafahamiana miaka mingi. Mimi humwita Mama Recheli, kwa jina la binti yake. Aliniambia amepata karavani la zamani, ile nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili inayovutwa na gari, na anataka kuligeuza jiko. Msimu huu wakulima wa tumbaku wanashinda kwenye vituo vya ununuzi, leo kituo hiki kesho kile, na yeye amechoka kusimamisha kibanda cha turubai upya kila mahali. Alisema, "Fundi, mimi najua wali, sijui vyuma. Nenda ukaniangalizie. Ukisema halifai, naliacha."

Mnamo Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa 3:15 asubuhi, nilifika kwenye uwanja wa Benjamini Ngollo, muuzaji wa magari na mashine chakavu, nje kidogo ya mji katika barabara ya Urambo. Mama Recheli hakuwepo, alikuwa kazini kwake. Ngollo alinipokea vizuri. Alinionyesha karavani limepakwa rangi ya maziwa na mstari wa kijani, na kibati cha kiwandani mlangoni kinachosema limetengenezwa mwaka 1974. Kwa mbali lilipendeza, sikatai.

Nilianza ndani. Nilipoingia sakafu ilibonyea kama godoro. Nilifunua zulia la plastiki chini ya sinki, nikasukuma bisibisi kwenye kona kwa mkono mmoja, ikazama mpaka kwenye mpini. Mbao zilikuwa zimeoza kwa maji ya mvua yanayoingia darini, na juu ya uozo huo alikuwa amepigilia plaiwudi mpya na kuipaka rangi. Mpira wa gesi ulikuwa umepasukapasuka. Nikatoka nje. Matairi yalikuwa na kashata nzuri, yaani meno yake hayajalika, lakini ubavuni yamechanika kwa uzee, na tarehe iliyochapwa ilikuwa ya mwaka 2011.

Kisha nikatandika gunia nikalala chini ya chombo. Ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu yote mawili, ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi. Nikaigonga kwa nyundo toka kushoto kwenda kulia. Chuma kizima kinalia. Hiki kililia vizuri mpaka karibu na gurudumu la kulia, hapo kikatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Nikakwangua rangi kwa kisu. Chini yake ilitoka puti, ile tunayozibia mibonyeo ya milango. Chini ya puti palikuwa na ufa unaozunguka chuma zaidi ya nusu.

Nataka iandikwe kama nilivyosema: puti kwenye ekseli. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja na sijawahi kukutana na jambo hilo. Puti haishiki uzito hata wa kuku. Aliyeiweka hapo hakuwa anatengeneza, alikuwa anaficha.

Nilitoka chini nikamwonyesha Ngollo. Alicheka. Akasema, "Mzee wangu, babu zenu walipita njia hii na pembe za ndovu mabegani, tena miguu mitupu. Wewe unakuja kunusanusa chuma cha kuvutwa na gari?" Akaniambia niandike maneno mazuri, mteja anataka kuuza wali, haendi Ulaya, na mimi hatanisahau. Nikamwambia, "Bwana Ngollo, humu atakuwemo mtu."

Niliandika kwa mkono wangu kwenye karatasi ya daftari mambo yote niliyoyataja, na mwisho nikaandika: "Lisivutwe barabarani mpaka ekseli ibadilishwe." Nikatia sahihi. Ngollo alisema nimwachie kwa kuwa Mama Recheli atapita mchana. Nikampigia mama huyo simu mara mbili, hakupatikana. Nikaiacha karatasi pale, sikubaki na nakala. Niliiacha mikononi mwa mtu ambaye karatasi ile inamsema. Hilo ni kosa langu na liandikwe.

Siku hiyo hiyo alasiri nilipata habari kwamba shemeji yangu amefariki Puge. Nilikwenda msibani, nikakaa huko mpaka Jumapili tarehe 15, na simu yangu muda mwingi ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Niliporudi niliambiwa Mama Recheli amekwisha kulinunua. Nikaamini ekseli imebadilishwa, maana niliandika hivyo. Sikuuliza.

Mnamo Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, asubuhi, karavani hilo lilipinduka kwenye barabara ya Urambo likiwa linavutwa na pikapu ya dereva anayeitwa Octavian. Sikuwepo. Kwa maelezo ya Octavian mwenyewe, gurudumu la kulia lilitoka na kipande cha ekseli, likawapita likaingia shambani. Mama Recheli alikuwa ndani ya karavani ameshikilia ndoo za mchuzi zisimwagike. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Najua mtu hapaswi kupanda humo likiwa linavutwa, na dereva atajibu la kwake. Lakini ekseli isingekatika, mama yule leo angekuwa anapakua wali.

Mnamo Ijumaa tarehe 20, saa 4 asubuhi, binti yake Recheli, ambaye ni mwalimu, aliingia karakanani mbele ya wateja wangu watatu. Alisema, "Mama alikuomba macho yako. Uliyauza kwa nani?" Akanitupia kifuani karatasi ambayo, kwa maneno yake, Ngollo alimpa mama yake siku ya kununua. Ilikuwa imechapwa kwa kompyuta. Ilisema kwamba mimi nimekagua karavani, ni zima, halina hitilafu yoyote, na ekseli ni "imara kama mpya". Chini iliandikwa "Fundi Rukumani", kwa herufi R, na sahihi ya mviringo ambayo si yangu. Sahihi yangu ni jina langu lote, kama nilivyojifunza shuleni. Nilimwambia Recheli karatasi ile si yangu. Alisema, "Ndiyo, ungesema nini kingine?" Akaondoka. Mmoja wa wateja wangu alichukua funguo za gari lake kwenye meza, akasema atarudi siku nyingine.

Saa 9 alasiri nilikwenda hospitalini. Nilisimama kando ya kitanda nikasema, "Pole, Mama Recheli." Aligeuzia uso ukutani. Nilianza kumweleza, akavuta shuka mpaka kichwani. Mtu niliyekula kwake wakati mke wangu yuko wodini, siku ile hakutaka hata kunitazama, kwa ajili ya maneno ambayo sikuyaandika! Nikatoka.

Nilifikiri sana. Karatasi yangu nilijua imekwisha chomwa au kutupwa, lakini ekseli haiwezi kuchomwa. Mnamo Jumamosi tarehe 21, asubuhi, nilikwenda mahali pa ajali, nikakuta karavani halipo. Watu wa jirani walisema askari wa barabarani walipomaliza kupima, Ngollo alikuja kulivuta mwenyewe, eti kumsaidia mjane.

Saa 4:40 nilifika uwanjani kwake. Karavani lilikuwa limelazwa ubavu, ekseli yake imefunguliwa na kuwekwa juu ya magogo mawili, na mafundi wawili wa kuchomelea walikuwa wameunganisha mashine. Kipande cha ekseli kilichokatika kilikuwa kimekwisha kuokotwa na kufungwa mahali pake kwa waya, tayari kuchomelewa. Nikawaomba wasiguse. Mmoja akasema, "Mzee, tupishe, tumetumwa." Basi nikapanda nikakaa juu ya ekseli, hapo hapo penye mkato, nikawaambia kama ni kuchomelea wanichomelee na mimi.

Ngollo alitoka ofisini. Aliniita mwizi, mchawi, mzee aliyepitwa na wakati. Akawaamuru waanze. Fundi mmoja alikataa, akavua miwani yake ya kazi na kwenda kukaa pembeni. Mwingine aligusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma karibu na paja langu, cheche zikatoboa suruali. Suruali hiyo nimekuja nayo, Koplo ameiona. Sikushuka.

Nilimpigia simu Recheli. Nikamwambia, "Sikuombi uniamini. Njoo na askari mwone chuma kabla hakijafunikwa." Alikata simu. Nilikaa pale juani saa moja na nusu, sijui kama anakuja. Saa 6:20 mchana ziliingia pikipiki mbili, moja ya Recheli, nyingine ya askari kutoka kituo hiki.

Nilishuka nikakata waya, nikawaonyesha mkato. Chuma kinapokatika leo, uso wake unang'aa. Huu uling'aa sehemu ndogo tu, kama theluthi. Kwingine kote palikuwa na kutu nyekundu ya zamani, na puti imeingia ndani ya ufa. Kutu haioti kwa siku mbili. Recheli alikwangua kwa ukucha, puti ikamwagika kiganjani mwake kama unga. Akamuuliza Ngollo, "Hii ilikuwa ya nini?"

Ngollo akasema, "Ya urembo."

Recheli alimwonyesha askari kiganja chake, akakishikilia wazi hivyo hivyo mpaka picha ikapigwa.

Sikuja hapa kutafuta fidia. Nataka jina langu litoke kwenye karatasi ile. Vilevile naomba, kama sheria inaruhusu, haya niliyosema asomewe Bi. Eustadia Ambrosi kitandani alipo, kwa kuwa mimi hakutaka kunisikia, na simlaumu.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa neno kwa neno, nimeyakubali kuwa ni yangu, na natia sahihi kwa hiari.

(Sahihi) Lukumani Issa Mustafa

Maelezo ya mwandishi: Nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Shahidi alipewa kiti, akapenda kusimama. Suruali moja ya kaki yenye matundu manne ya moto imepokelewa kama kielelezo, pamoja na kipande cha ekseli na karatasi iliyochapwa. Benjamini Ngollo yuko mahabusu kwa mahojiano.

Nyongeza, 24 Juni 2025, saa 5 asubuhi: Nilifika wodini kuandika maelezo ya majeruhi, Bi. Eustadia Ambrosi. Baada ya kumaliza ya kwake, na kwa idhini ya mkuu wangu, nilimsomea haya mbele ya binti yake. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliomba nirudie mahali shahidi alipokaa juu ya ekseli, nikarudia. Kisha alisema, "Mwambieni aje. Asije na maneno, aje tu."

(Sahihi) Koplo Josepha