Swali Langu kwa Mbunge Aliyekuwa Bosi Wangu

Mpendwa Bi Odessa, naomba msaada wako, na kama inawezekana nijibu kwenye gazeti la Jumatano hii, maana mkutano wa mbunge wetu na wananchi ni Alhamisi, na hapa nakuandikia mtoto yuko mapajani anataka kula kalamu.

Nina miaka ishirini na miwili, shule niliiachia njiani nilipopata mimba, nafunga bawaba kwenye kiwanda cha milango ya gereji cha kina Tollefson, na aliyeniajiri ni Bwana Merle Tollefson mwenyewe, huyu huyu mbunge wetu wa Washington, wakati ule alikuwa bado bosi, kila Ijumaa anapita meza hadi meza na boksi la donati anakuita kwa jina, na siku niliyokwenda kuomba kazi nilikuwa na tumbo la miezi saba nimelificha ndani ya koti la baba yangu, akaniangalia akacheka, akasema, "Binti, vua koti, humu kuna joto. Wewe unaanza Jumatatu, na huyo mwenzako ataanza akishazaliwa," na kweli Bi Odessa, stoo ya rangi aliigeuza chumba cha watoto, na Junie wangu amejifunza kutambaa mle, akilia tu nimeshafika, ni hatua thelathini.

Halafu akagombea, kiwanda akamwachia dada yake, sisi tukasimika vibao vyenye jina lake mbele ya nyumba zetu kwa furaha, maana nani alishaona muuza milango anaingia bungeni, na mwezi uliopita dada yake akabandika karatasi kwamba chumba cha watoto kinafungwa mwisho wa mwezi huu kwa sababu msaada wa serikali wa vyumba kama hivyo haukupita bungeni, nami nikaenda maktaba nikamwomba mama wa pale anionyeshe nani aliukataa, na jina la Bwana Merle limo, nimelisoma mara tatu nikidhani ni Tollefson mwingine.

Sina hasira naye, naapa, ninachotaka ni kujua tu, mtu yule yule aliyejenga kile chumba kwa mkono wake anafika kule anakataa vya wenzake, je ameambiwa kitu ambacho sisi hatujaambiwa, au ukiwa mbali hivyo huoni tena watoto, unaona karatasi? Na unajua kwenye mikutano yake swali linaandikwa kwenye kadi, watu wake wanachagua, basi nikaandika hilo, juzi dada mmoja wa ofisini kwake akanipigia, "Hongera mpenzi, kadi yako imechaguliwa, tumeinyoosha kidogo tu," na kunyoosha kwenyewe swali sasa linasema, biashara ilikufundisha nini kuhusu kuwasaidia kina mama? Nikasema hilo si langu. Akasema, "Ni lako, si jina lako liko juu? Utakaa mbele, utapiga naye picha," nikakata simu.

Mama yangu ameshawatangazia kanisa zima hiyo picha, na nilipomwambia nataka kuuliza la kwangu alinijia juu, "Mtu alikuchukua na tumbo lako, leo ukamvue nguo mbele ya watu?" na Royce wa meza ya jirani anacheka, "Uliza tu, dada yake akikufukuza meza yako naichukua mimi, iko karibu na hita." Jina langu sifichi, mji mzima ushajua. Chumba kikifungwa na kazi imekwenda, mlezi wa karibu yuko dakika arobaini kwa gari na gari sina. Nisome kadi yao, au niulize langu?

Ni mimi, Mama Junie, meza ya bawaba

Mama Junie,

Kwanza mwondolee mtoto hiyo kalamu.

Sasa sikiliza. Umenijazia barua nzima wema wa Merle Tollefson kana kwamba unaniombea kura yangu. Nilishampa, mara mbili, kwenye mchujo na kwenye uchaguzi wenyewe. Mama yako anadhani kushukuru ni kunyamaza. Mwambie anakosea, na akitaka kunigombeza anikute Jumapili kanisani kwenye meza ya pai. Ukumbini kutakuwa na watu mia mbili, na wengi wao kile chumba wamekisikia tu. Wewe mtoto wako ametambaa mle. Kama wewe huulizi, nani aulize?

Lakini nawe nakugombeza. Kukata simu tu ni kumwacha yule dada wa ofisini aamini umekubali. Mpigie leo. Najua atakuwa ameshasoma hapa akinywa kahawa yake, mpigie hata hivyo. Mwambie utauliza swali lako kama ulivyoliandika, na wakitaka kukunyima nafasi, wakunyime wakijua. Wakikunyima, nenda ofisini kwake pale juu ya duka la viatu, andikisha jina, dai jibu la maandishi. Ni kazi yao kukupokea, hata wakinuna.

Dada yake Merle, huyo wa kiwandani, usimwendee peke yako. Kina mama wote wenye watoto mle andikeni barua moja, kila mtu atie sahihi, ombeni miezi mitatu ya kujipanga. Kumfukuza mtu mmoja ni rahisi, akiwafukuza wote bawaba nani atamfungia? Royce atasubiri sana hiyo hita.

Alhamisi, mbebe Junie. Anza na lile koti, na maneno aliyokuambia, maana ni kweli na anastahili watu wayasikie. Kisha muulize: kule mbona ulikataa? Halafu funga mdomo. Usimsaidie kujibu, wewe nakuona una huruma hiyo. Pengine ana sababu nzuri, pengine hana, pengine hajaulizwa na mtu aliyemjua kwa jina tangu aondoke hapa.

Mimi nitakuwa safu ya tatu, kofia ya kijani. Swali hilo nami ninalo tangu majira ya baridi, na kadi sikuthubutu kuijaza. Kwa hiyo uliza kwa sauti, mwanangu. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri, na jibu lake sitaki linipite.

Bi Odessa