Firigisi ya Wazurime

Mpwa wangu Rachael,

Salamu kutoka Shianda, kutoka kwa mjomba wako ambaye chifu hafunguangi baraza kabla hajafika. Ng'ombe amezaa.

Kitabu ulichoandika cha Wazurime, wale watu wa nyotani wenye mikono minne, anti yako Milcah amenisomea. Vita ni vizuri, ingawa mimi nimepigana vikali kuliko hivyo. Lakini wanachinja kuku, halafu firigisi anapewa rubani, na kaka yake mkubwa anapewa shingo? Firigisi ni ya mkubwa, hata huko juu.

Milcah akacheka: "Mzee, huyo si ni wewe?"

Badilisha huo ukurasa. Na uniambie nani alikupasha habari, maana ni kweli. Krismasi firigisi walimpa mdogo wangu Makhanu, mimi nikala shingo.

Mjomba wako,
Hezekiah