Kendi Tosha

Ijumaa, 16 Mei 2025
Gaston amesema kesho tunampeleka mama yake kuona makanisa ya kale yaliyochongwa ndani ya mwamba, kando ya mto Severn, huku huku Uingereza. Mapenzi ni haya! Wenzangu wanapelekwa kula nyama choma, mimi napelekwa pangoni. Lakini ni mara ya kwanza kutoka na Mama Henriette. Akinikubali, Gaston atatuma wazee kwetu Meru. Akinikataa — basi, nitaendelea na kazi yangu ya kuogesha wazee wa Kings Heath mpaka nami niogeshwe.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua. Bila shaka. Njia nzima mama alinisemesha mara moja tu: "Kwenu munakulaka nini?" Githeri, nikasema, mahindi na maharagwe. Akanipa pole.

Makanisa yenyewe ni mapango mawili mekundu. Moja lina madhabahu ya jiwe na msalaba ukutani, lingine lina makopo ya bia. Hata hivyo niligusa ile madhabahu, vidole vikapita kwenye alama za patasi. Kuna mtu alichonga hii kwa mkono, miaka na miaka. Nikaomba hapo hapo, kimoyomoyo: Mungu, huyu mama anipende.

Tukakutana na mwenyeji, Mzee Derrick, na mbwa wake. Akauliza tumetoka wapi hasa. Kongo na Kenya. Akafurahi sana — binti yake alishafika Gambia. Majirani kabisa! Gaston akampa simu atupige picha. Ndipo mama akapaza sauti: "Gaston, Kendi tosha! Picha ni ya famille!"

Kendi tosha! Kwetu Kenya ukisemwa hivyo, kampeni imeisha, kilichobaki ni kuapishwa. Na kwenye familia nimeshatiwa! Nikajitosa katikati, nikamkumbatia. Alikakamaa — baridi, nikadhani. Gaston alicheka. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumanne, 20 Mei
Nimepita kwa Rosine, dada yake Gaston, Acocks Green. Mlangoni akaniambia: "Tosha viatu, dada." Nikamjibu vinanitosha, asante, ni saizi yangu kabisa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwao Bukavu kutosha ni kutoa. Kuvua. Kuondoa!

Chai yake nilimaliza yote, na tabasamu juu. Nikalia kwenye basi.

Kumbe nilimkumbatia aliyeagiza niondolewe. Hongera, mheshimiwa! Lakini mama hanijui, simlaumu sana. Gaston je? Hicho ndicho Kiswahili alichonyonya kwa mama yake. Alielewa pale pale, akacheka, akaniacha niimbe siku tatu. Hilo ndilo linaniuma.

Jumatano, 21 Mei
Gaston amekuja kutoka kazini na sufuria ya sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Eti mama amenitumia. Nikamuuliza kutosha ni nini. Akaanza: ni lugha tu, mama atazoea, hakutaka niumie. Asante kwa huruma!

Nikamuuliza, siku ile ulimjibu nini mama yako? Akasema chakula kinapoa.

Nikamuuliza tena, taratibu: na hii sombe, mama anajua kwamba ni mimi nitakayeila?

Ameinuka kutafuta kijiko. Yuko jikoni sasa hivi, anafungua droo moja baada ya nyingine. Vijiko viko hapa mezani, mbele ya kiti chake.